Baba Hakutaka Kuhamia Kanombe

Siku niliyojua kwamba baba yangu haoni vizuri, alikuwa anazungumza na koti.

Lilikuwa koti la mteja, la rangi ya majivu, nililolitundika mwenyewe asubuhi kwenye msumari ulio karibu na mlango ili mikunjo ikae sawa. Baba alikuwa ameketi kwenye cherehani yake katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Gitega, Kigali, palepale alipokuwa akikaa tangu kabla sijazaliwa. Aliinua kichwa akasema, "Ndugu, samahani, unaniziba mwanga." Koti halikujibu. Akangoja kidogo, akadhani labda mteja huyo hajui Kiswahili, akarudia kwa Kinyarwanda, tena kwa adabu zaidi. Koti likabaki kimya. Baba akaguna, akavuta kiti chake upande, akaendelea kushona huku akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawajui hata kuitikia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa ndani na sinia ya chai. Nilirudi jikoni polepole nisigongane na kitu, nikaketi juu ya ndoo, nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Huo ulikuwa mwaka wa 1991. Najua watu wakisikia Kigali na miaka hiyo wanangoja habari nyingine. Ipo, na wengi wameisimulia. Hii ni ya baba yangu na macho yake.

Baba alikuwa amepita sabini, kwa miaka mingapi hakujua mwenyewe. Babu yetu alitoka Ujiji na mizigo ya nguo, akaoa Mnyarwanda, akabaki, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili na msikitini baba alikuwa na nafasi yake karibu na nguzo. Mama alikuwa ameshatutoka. Mimi, kitinda mimba, nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikawa napiga taipu katika ofisi moja mjini. Kaka yangu mkubwa alifanya kazi uwanja wa ndege na alikaa Kanombe, katika nyumba yenye bomba la maji ndani, jambo ambalo hakuacha kulitaja.

Kaka alikuwa ameandaa chumba. Tangu vita vianze kule kaskazini na vizuizi viwekwe barabarani, kila alipokuja alisema lilelile: "Baba, umri umekwenda, nyakati hizi si nzuri. Chumba kiko tayari. Kuna kitanda, kuna redio, kuna dirisha la bustanini."

"Nani yuko bustanini?" baba aliuliza.

"Hakuna mtu. Ni bustani."

"Sasa nitaangalia nini?"

Siku ile ya koti nilimngoja baba amalize chai yake, nikaketi mbele yake. "Baba, unaona?"

"Naona."

"Nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vya kutosha," akasema.

Akapapasa meza mpaka akaipata kofia yake, akaivaa, kana kwamba maneno yaliyofuata yalitaka kofia. "Ukimwambia kaka yako nitahamia kweli. Lakini nitakwenda na wewe."

Mimi na mke wa kaka hatukuwahi kuelewana hata juu ya chumvi. Nikaapa sitasema.

Kuanzia hapo nikawa namtazama. Mikono yake ilikuwa bado inajua kazi. Alipima mabega ya mtu kwa kuyashika, alikata kwa kufuata kidole gumba, na mshono wake ulikwenda wima kama zamani. Kilichomponyoka ni rangi na upande. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alishonewa suruali yenye mguu mmoja mweusi na mwingine wa buluu iliyoiva. Mzee mwenzake wa msikitini alipata kanzu yenye mfuko mgongoni, utafikiri anaficha vitu vyake asivipate mwenyewe. Kila mara nilijikunyata nikingoja aibu. Lakini mteja alijaribu nguo, akajitazama, akameza mate, akasema, "Asante, Mzee. Imenikaa." Akaondoka. Hakuna aliyerudi kulalamika, na wiki iliyofuata walikuja wengine na vitambaa.

Msikitini alikwenda mwenyewe, miguu ikihesabu njia. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mfereji, kutoka mfereji mpaka kwa mama aliyeuza ndagaa wakavu. Hapo, harufu ilipokuwa kali kabisa, alikata kushoto. Yule mama hakuhamisha meza yake hata jua lilipomchoma. Aliambiwa mara ngapi ahamie kivulini, akajibu kwamba akihama Muzehe, ndivyo mtaa ulivyomwita baba, atapotea.

Siku moja mama huyo aliugua meno hakuja. Baba akafika pale pasipo harufu, akaendelea mbele, akaendelea tena, akakutana na ngazi mbili kama za msikitini, akavua viatu, akaingia. Lilikuwa kanisa dogo la jirani na kwaya ilikuwa mazoezini. Waliponisimulia baadaye walisema waimbaji walinyamaza wote. Baba alisimama katikati na kofia yake na viatu mkononi, akatambua kosa lake kwa minong'ono ya wanawake, na badala ya kutoka akasema kwa utulivu, "Endeleeni, nimekuja kuwasalimia." Wakampa kiti cha mbele. Kwa adabu alikaa mpaka nyimbo zikaisha, na walipomwomba maoni aliwaambia sauti za chini zinachelewa. Kiongozi wa kwaya alikuja kesho yake kushonesha koti. Alisema ni kweli, zinachelewa.

Siri ya wateja niliipata kwa bahati. Alasiri moja umeme ulikatika ofisini tukaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Nilipokaribia kwetu nilimwona yule mwalimu akitoka na kifurushi chini ya kwapa. Hakushuka njia ya kwake. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeiba kuku, akaingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa jirani yetu mshonaji, mama mjane aliyeshona magauni ya vitenge. Nikamfuata.

Mwalimu aliponiona akataka kutokea dirishani. Jirani alikuwa ameketi na ile kanzu mapajani, anafumua mfuko wa mgongoni kwa wembe. Nyuma yake kwenye kamba nilitambua nguo zetu: kaunda suti, suruali, koti la kiongozi wa kwaya.

"Funga mlango kwanza," jirani akaniambia. Alisema Kiswahili cha hapo mjini, kile kinachosema "iko" kwa kila kitu. "Muzehe mikono yake iko vizuri, binti yangu. Ni macho tu ndiyo imechoka."

"Umeanza lini kumrekebishia?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka jana."

"Na wateja wote wanajua?"

"Gitega yote inajua. Ni wewe tu unatoka asubuhi unarudi jioni."

Mwalimu akaona ni zamu yake kujitetea. "Tukimwacha atafunga duka. Akifunga duka, watamchukua Kanombe."

"Na Kanombe atakuwa anaangalia bustani," jirani akaongeza. Basi hata habari ya bustani walikuwa nayo.

Nilimuuliza kwa nini anajitwisha kazi yote hiyo. Hakuinua kichwa kutoka kwenye mfuko. "Bwana yangu alipokufa sikujua kukata hata foronya. Baba yako alinifundisha pale nje kwa makasi na magazeti ya zamani. Alinikatisha magazeti mwezi mzima mbele ya watu. Sasa lete hiyo suruali, mwalimu."

Nikawa sehemu ya njama. Asubuhi kabla ya kazi nilimpangia baba nyuzi kwa rangi, nyeusi kulia na nyeupe kushoto, nikijifanya nafagia. Alijua kwamba nafagia mno. Akaniacha nifagie.

Aliyeharibu mambo ni kaka, naye hakukusudia. Alikuja Jumapili mchana na mkewe, wakaleta maparachichi na nyama. Baba alikuwa amejitayarisha tangu asubuhi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alimimina maji bila kumwaga, akamsifu mke wa kaka kwa manukato yake, akauliza habari za ndege kana kwamba yeye ndiye anayeziongoza. Nikaanza kupumua. Ndipo kaka akatoa picha mfukoni, akamkabidhi. "Baba, nimekuletea hii uone."

Mke wa kaka alikuwa amejifungua mtoto wa kiume miezi mitatu nyuma. Mtu yeyote angekisia. Baba aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akatabasamu.

"Mashallah," akasema. "Amenenepa."

Kaka akamtazama mkewe.

"Amechukua paji la mama yake," baba akaendelea. "Lakini masikio haya ni ya kwetu."

"Baba," kaka akasema polepole, "hiyo ni picha ya chumba."

Mke wa kaka, ambaye kwa miaka mingi sikumjua kuwa mtu wa kucheka, aliweka kitambaa mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikamfuata. Baba aliishika ile picha muda mrefu zaidi, kisha akamrudishia kaka. "Ni chumba kizuri," akasema. "Kimenenepa."

Kaka hakucheka. Alisimama akasema mambo yote mtoto mkubwa anayosema: kwamba tumemficha, kwamba baba angegongwa na gari, kwamba mimi ni mtu mzima nisiye na akili. Alitaka kufunga mizigo siku ileile. Baba alimwacha amalize, kisha akasema, "Kabla hujanihamisha, nipeleke kwa daktari wa macho. Akisema haiwezekani, nitapanda gari mwenyewe."

Nilishangaa, maana mimi nilikuwa nimemwomba hivyo mara tatu akakataa. Baadaye aliniambia alikuwa anaogopa daktari, lakini sasa kulikuwa na kitu anachokiogopa zaidi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimmulika baba jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, kote kuwili.

"Mtoto?" baba akasema. "Kwa umri wangu?"

"Ni jina la ugonjwa tu, Mzee."

"Tena mapacha."

Daktari akaeleza kwamba wataanza na jicho la kulia, na la kushoto litasubiri mpaka hilo lipone. Baba aliuliza swali moja tu: kama atatunga uzi kwenye sindano. Daktari akasema kwa miwani, labda. Baba akasema "labda" inatosha.

Upasuaji ulikwenda salama, na kwa kuwa alitakiwa kutulia asiiname wala asibebe kitu, majuma ya kupona yalikuwa ya kaka. Baba akalala kwenye kile chumba. Walimtunza kama yai. Alinyweshwa uji kwa kijiko wakati mikono yake haikuwa na tatizo lolote. Alishikwa mkono kwenda chooni na mtu akamngoja mlangoni akimuuliza kama yuko sawa. Nilipomtembelea alininong'oneza kwamba hajawahi kuumwa kiasi hiki tangu apone. Siku ya kumi mke wa kaka alimkuta, kitambaa kikiwa bado jichoni, amefumua pazia la dirisha la bustanini na analipinda upya kwa mkono, kwa sababu alilipapasa akagundua pindo limekwenda upande. Alimgombeza. Halafu akamletea mapazia mengine mawili. Nadhani tangu siku hiyo walielewana kuliko mimi nilivyowahi kuelewana naye.

Miwani ilipopatikana ilikuwa nene kama kitako cha chupa, na jicho lake nyuma ya kioo likawa kubwa kama la ng'ombe. Tulikuwa tumesimama mbele yake mimi na kaka. Alimtazama kaka kwanza.

"Mwanangu, mvi zote hizi umezitoa wapi?"

Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kutoka juu mpaka chini, uso wake ukabadilika. "Na hilo gauni nani kakushonea?"

Nililivaa makusudi ili kumfurahisha. Mkono mmoja uliishia kwenye kiwiko na wa pili ulifunika vidole. "Wewe, Baba. Idi iliyopita."

"Ukalivaa?"

"Ndiyo."

"Nje?"

"Ofisini."

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu ingawa haikuwa na vumbi.

Alirudi Gitega na asubuhi ya kwanza hakuketi kwenye cherehani. Alisimama nje, mikono nyuma, akitazama watu wakishuka mjini. Nilidhani anafurahia nyuso. Kumbe anatazama nguo. Mwalimu alipopita baba alimkamata mkanda.

"Shikamoo, Mzee. Pole na hospitali. Nimechelewa shuleni."

"Marahaba. Shule itakungoja." Aliinama, jambo ambalo daktari alilikataza, akageuza pindo la suruali. Miguu yote miwili ilikuwa ya buluu iliyoiva. Akalisogeza lile jicho kubwa mpaka likagusa kitambaa. "Hii nilishona mimi?"

"Ndiyo, Mzee. Imenikaa."

"Huu si mkono wangu."

Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikatazama mfereji. Baba alimwachia, akamkamata aliyefuata, na mwingine, na kila mmoja alisimama katikati ya njia akikaguliwa mapindo na vifungo. Yule mzee mwenzake wa msikitini aligeuzwa mara mbili kutafutwa mfuko. Mwisho baba akasema, si kwa mtu yeyote, "Mshono unalala kushoto," akaanza kutembea kwenda nyumba ya tatu.

Jirani alimwona anakuja akaacha kukanyaga cherehani.

"Nani alikutuma?" baba akauliza.

"Hakuna, Muzehe."

"Ulifumua nguo zangu."

"Wewe ulikata. Mimi nilimalizia tu."

"Mshono wako unalala kushoto. Nilikwambia tangu siku ya kwanza."

"Ni wewe ulinifundisha," jirani akasema, kwa upole.

Baba akageuka akaenda nyumbani, akafunga mlango wa duka mchana kweupe. Siku nane hakushona. Alikaa kitandani akisikiliza redio, akila kidogo, na kila salamu iliyopitia dirishani aliijibu kwa neno moja. Nilijaribu kumweleza kwamba watu walifanya kwa mapenzi. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomuudhi, kwa kuwa mtu hawezi kugombana nalo. Habari zikamfikia kaka, akaja mbio, na nilimwona usoni kwamba ameshapata tumaini. "Basi, Baba, kama duka umeshafunga..."

"Sihami," baba akasema. "Nimekasirika tu."

Siku ya tisa jirani alibisha hodi na koti la bwana mmoja wa mtaa wa Rebero. Yeye ni mshonaji wa magauni, akasema, alikubali koti kwa kiburi, na sasa mkono umemshinda kukaa begani. Mpaka leo sijui kama ulimshinda kweli. Baba alilitazama kwa mbali. Akalitazama kwa karibu. Akavaa kofia.

"Nani amekata hivi?"

"Mimi."

"Kaa hapo."

Nilipotoka kwenda kazini mlango wa duka ulikuwa wazi na wanabishana juu ya kwapa. Niliporudi bado walikuwa wanabishana, ila cherehani ya jirani ilikuwa imeshahamishiwa kwetu, karibu na dirisha, na mama wa ndagaa alikuwa ameketi mlangoni akiwasikiliza wote wawili. Baba aliponiona alinionyesha kwa kidole. "Miaka miwili nanunua kwa huyu, leo ndiyo nimemwona sura. Ni kijana kumbe."

Kazi wakaigawa. Baba alikata na kushona makoti. Jirani alichagua rangi, na saa za jioni alimtungia uzi, kwa sababu ile "labda" ya daktari ilikuwa ya mchana tu. Baba aliweka sharti moja: mwenye kuona kasoro kwenye nguo aje amwambie usoni, na kurekebisha kufanyike mbele yake. Sharti hilo liliwatesa wateja kuliko mfuko wa mgongoni. Walikuwa wamezoea kuvumilia na kushukuru. Mwalimu alijaribu wa kwanza. Alisimama na suruali mpya, jasho likimtoka, akatazama dari.

"Mzee, mguu wa kushoto... umezidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vidole vinne."

Baba akapima. "Vitano," akasema, akafurahi siku nzima.

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata. Kaka alikuwa ameomba ruhusa kazini, amepanga gari na uji, lakini baba hakumngoja. Alipanda teksi asubuhi pamoja na jirani, akaongozana naye mpaka kwa daktari, akalala huko, akarudi na kitambaa jichoni, akalala kitandani pake. Mimi nilipika, mama wa ndagaa alikaa naye mchana, kiongozi wa kwaya alikuja kumsomea gazeti. Kaka alizipata habari siku ya tatu. Alikuja na sare ya kazini, akasimama mlangoni akimtazama baba anakula ugali na isombe, kisamvu cha kwetu, kwa mkono wake mwenyewe.

"Hukunambia," akasema. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyefika stesheni akakuta wenzake wameshaondoka.

"Ulikuwa kazini."

"Jirani ndiye wa kukupeleka hospitali, Baba? Watu watasema huna mtoto."

"Watu wanajua nina mtoto. Wamekuona ndani ya suruali nilizokushonea miaka yote."

Kaka akaketi ukingoni mwa kitanda. Alizungusha kofia yake ya kazi mikononi, mara mbili, mara tatu. "Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

Baba alitafuna, akameza, akageuza lile jicho lake lililo wazi, akamtazama kiunoni kwa makini.

"Njoo kila Jumapili tule pamoja, umlete na mkeo," akasema. "Na hiyo suruali ivue uiache hapa. Inakubana."